Kinga ya mgongo kwa mwenye pikipiki: chagua ile utakayovaa kila siku

Saa kumi na mbili ya asubuhi, simama karibu na mlango wa kazi, utazame zamu ya kwanza ikiingia. Kila mmoja ana kaske kichwani, viatu vyenye chuma miguuni, miwani na glavu. Mlinzi haruhusu mtu kupita bila vitu hivyo, na hakuna anayenung'unika, kwa maana tumekwisha kuzoea. Sasa geuza macho kidogo, tazama kule pikipiki zinapoegeshwa. Yule fundi anayefunga kaske yake vizuri mbele ya mlinzi, dakika tano zilizopita alikuwa anapenya kati ya kamyo za madini kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na mgongo wake ulikuwa umefunikwa na shati tu.

Ndani ya kiwanda tunamkinga tangu utosi mpaka kidole cha mguu. Njiani anajikinga mwenyewe, au hajikingi. Ndiyo maana leo ukurasa wetu unatoka nje ya kiwanda na kupanda pikipiki.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu karibu 1,190,000 waliokufa barabarani katika mwaka wa 2021. Katika kila watu 5 hao, mmoja hivi alikuwa juu ya pikipiki au chombo cha magurudumu matatu. Hapa Lubumbashi hatuhitaji hesabu ya mbali ili tuelewe. Anayetoka Katuba au Ruashi kila asubuhi, anayekwenda Kipushi kilomita 30 hivi, anayeshika barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa pamoja na kamyo zilizojaa shaba, huyo anajua anachopita nacho. Na ajali ya njia ya kwenda au kutoka kazini, CNSS inaihesabu kama ajali ya kazi, ikiwa mtu hakuacha njia yake kwa shauri zake binafsi. Lakini pensheni ya CNSS haimrudishii mtu miguu yake.

Wafanyakazi kadhaa wametuuliza juu ya zile kinga za mgongo ambazo wauzaji wanaziita dorsali. Je, zina faida, au ni mapambo ya vijana? Na kama zina faida, inunuliwe ipi, kwa mfuko wa mfanyakazi na kwa joto letu la Oktoba? Tujibu polepole.

MGONGO NA HATARI ZAKE

Uti wa mgongo si mfupa mmoja. Ni pingili 33 zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za kifua ambazo mbavu zimeshikamana nazo, 5 za kiuno, na zile za chini zilizoungana, 5 za nyonga na 4 za mkia. Katikati ya pingili, ndani ya tundu lao, inapita kamba ya neva itokayo kwenye ubongo. Kamba hiyo ndiyo inayopeleka amri ya kutembea, ya kushika, ya kuzuia haja. Fundi wa umeme ataelewa upesi: ni kebo kubwa iliyopitishwa ndani ya bomba la mfupa. Bomba likipasuka na kebo ikabaki nzima, daktari anaweza kusaidia, na mtu anarudi kazini baada ya miezi. Kebo ikikatika, hakuna fundi duniani anayeiunga ikawa kama zamani. Ikikatika kifuani, miguu haifanyi kazi tena. Ikikatika shingoni, na mikono pia.

Mgongo wa mpanda pikipiki unaumia kwa njia mbili. Ya kwanza ni pigo la moja kwa moja: mtu anaanguka chali juu ya jiwe, juu ya ukingo wa mtaro, juu ya reli, au anatupwa akapiga mgongo kwenye mti. Ya pili ni kukunjwa na kusokotwa: kichwa au makalio yanapiga chini kwanza, na mwili wote unaukandamiza uti kutoka juu au kutoka chini, kama mtu anayevunja mti mkavu kwa goti. Madaktari waliochunguza ajali za pikipiki wameona kwamba mivunjiko mingi ya uti inatokana na njia hii ya pili, na kwamba sehemu ya kifua ndiyo inayovunjika mara nyingi.

Kinga ya mgongo inapigana na adui wa kwanza tu. Inameza sehemu ya pigo, inaitawanya mahali papana, inazuia jiwe lisichimbe, inaokoa mbavu, misuli na ngozi. Juu ya kukunjwa na kusokotwa inasaidia kidogo sana. Anayekuambia kwamba ukivaa dorsali hutavunjika mgongo kamwe, huyo anakuuzia uongo pamoja na sponji. Sisi tunakuambia uivae, lakini uivae ukijua kazi yake.

KIPIMO CHAKE NI CHA NAMNA GANI

Huko Ulaya kuna kanuni moja inayopima kinga za mgongo za wapanda pikipiki. Jina lake ni EN 1621-2. Wanaweka kinga juu ya chuma kilichoviringika, kisha wanaangusha juu yake kitu cha kilo 5 kutoka urefu wa mita 1 hivi, na mashine chini inasoma nguvu iliyopenya. Kinga ya daraja la 1 isipitishe, kwa wastani, zaidi ya kilonyutoni 18. Ya daraja la 2 isipitishe zaidi ya 9. Kwa lugha ya kila siku, kilonyutoni 18 ni kama uzito wa kilo 1800 kwa nukta moja ya wakati, na 9 ni kama kilo 900. Basi daraja la 2 linapitisha nusu tu ya lile la 1. Kumbuka hilo, maana wengine wanadhani namba 1 ni bora kama katika mashindano ya mpira.

Kilo 5 kutoka mita 1: mfanyakazi wa mgodi anaijua hesabu hii hata kama hakuambiwa. Kaske yetu ya kazi, kwa kanuni ya EN 397, inapigwa kwa uzito uleule kutoka urefu uleule. Ni mfano wa spana nzito au jiwe linalodondoka kutoka ngazi ya juu.

Sasa fanya hesabu pamoja nasi. Kitu kinachoanguka kutoka mita 1 kinafika chini kwa mwendo wa kilomita 16 kwa saa hivi. Ndiyo mwendo ambao kinga imepimwa. Unapoanguka kutoka kwenye kiti cha pikipiki na kuteleza barabarani mpaka unasimama, mgongo wako unapiga chini kwa nguvu isiyo mbali sana na hiyo, hata kama pikipiki ilikuwa inakimbia, kwa sababu unaanguka kutoka urefu wa kiti tu. Hapo kinga inafanya kazi yake vizuri. Lakini ukipiga kwa mgongo nguzo au ubavu wa kamyo kwa kilomita 40 kwa saa, ni sawa na kuanguka kutoka juu ya nyumba, mita 6 na zaidi. Kwa kilomita 60, ni mita 14. Kwa kilomita 80, ni mita 25. Hakuna sponji ya kumeza anguko la mita 25. Ukivaa dorsali kisha ukaongeza mwendo kwa sababu unajiona umekingwa, ni afadhali ungebaki bila dorsali na mwendo wa pole.

KASKE KWANZA

Hapa tunasema jambo ambalo muuza dorsali hatalipenda. Kama bado huna kaske nzuri ya pikipiki, usinunue kinga ya mgongo. Franka zako zinunue kaske kwanza. Uchunguzi mwingi uliowekwa pamoja umeonyesha kwamba kaske ya pikipiki inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kinga ya mgongo haiwezi kujivunia hesabu kama hiyo.

Na tafadhali, kaske ya mgodi si kaske ya pikipiki. Tunawaona kila siku wenzetu wanaorudi nyumbani na kaske ya kazi kichwani, wakidhani wamefanya vizuri. Kaske ile imetengenezwa kwa kitu kinachodondoka juu ya utosi. Pande zake na nyuma hazina ukuta wa kumeza pigo, na katika anguko inaruka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Kaske ya pikipiki ina ganda, ina povu nene gumu ndani, ina mkanda unaofungwa kidevuni, na nyuma yake au kwenye mkanda kuna alama ya herufi E ndani ya duara, ya kanuni ya ECE 22.

Ukiisha kupata kaske, na glavu na viatu (viatu vya kazi vinafaa, mradi kamba zisining'inie karibu na mnyororo), ndipo tuongee juu ya mgongo.

SOKONI

Mjini utaonyeshwa vitu vingi vinavyoitwa dorsali, na nusu yake si dorsali. Kuna koti la pikipiki lenye mfuko mgongoni, na ndani ya mfuko kipande cha sponji laini kama cha godoro. Kibonyeze kwa vidole viwili: kama vidole vinakutana bila shida, kipande hicho kimewekwa ili koti likae vizuri kwenye mabega, basi. Makoti mengi, hata ya viwanda vyenye jina, yanauzwa namna hiyo, na kinga ya kweli inanunuliwa kando. Hicho si wizi, lakini mnunuzi asipoambiwa anadhani amekingwa.

Kuna mkanda mpana wa kiuno. Wenzetu wanaoendesha mashine nzito wanaujua. Unashika misuli ya kiuno na kuipa joto, unapunguza uchovu wa mitikisiko. Kwa safari ndefu juu ya barabara ya mashimo unaweza kukufaa. Lakini hauna kitu cha kumeza pigo, na kifuani hauendi. Usiuhesabu kama kinga.

Tumesikia pia habari ya wanaojitengenezea dorsali kwa kipande cha mpira wa mkanda wa kubebea madini, wakikifunga na kamba chini ya koti. Tunasifu akili ya mikono, lakini mpira ule umetengenezwa ili ubebe na uvutwe. Unarudisha pigo badala ya kulimeza, ni mzito, na ukingo wake unaweza kukata shingo. Uache kwenye mtambo.

Kinga ya kweli ina kibandiko au alama iliyochapwa juu yake yenyewe. Pikicha ndogo ya mtu juu ya pikipiki. Chini yake EN 1621-2, mara nyingi pamoja na mwaka 2014. Namba 1 au 2, ndiyo daraja. Herufi FB maana yake mgongo wote pamoja na mapalio ya mabega, CB ni mgongo wa katikati, LB ni kiuno tu. Kwa vile tumesema kwamba kifua ndicho kinachovunjika mara nyingi, chagua FB au CB, LB iache. Tazama vizuri tarakimu ya mwisho: EN 1621-1 ni kinga ya viwiko, mabega na magoti, nayo inaruhusiwa kupitisha nguvu kubwa zaidi. Muuzaji anaweza kuitia kwenye mfuko wa mgongo bila hata yeye kujua. Ukiona herufi CE peke yake, bila namba na bila pikicha, usiamini upesi. Kuchapa herufi mbili si kazi ngumu.

Bei? Ulaya, kipande cha kutia ndani ya koti kinapatikana kwa kawaida kati ya euro 20 na 60, na kinga yenye mikanda ya mabegani inaanza karibu na 50 na kupanda. Hapa kwetu, ongeza safari na faida ya mchuuzi. Si pesa kidogo kwa mwenye watoto wanaosoma. Wengine wanaweka likelemba ya watu wachache wa timu moja, kila mwezi mmoja ananunua, na kwa kununua pamoja wanapata nafasi ya kumwagiza mtu anayesafiri. Tunaona ni njia nzuri. Zile fulana zinazojaa hewa zenyewe mtu akianguka ni kitu kizuri sana, lakini bei yake ni ya juu, na nyingi zinataka chupa mpya ya gesi kila zinapofunguka. Tuziache kwa sasa.

Je, ile iliyokwisha kuvaliwa, inayotoka ndani ya marobota ya nguo za Ulaya? Inawezekana, kwa masharti. Ikunje polepole na kutafuta mipasuko. Ibonyeze pahali pengi: isiwe na pahali palipobaki na shimo au palipokuwa pagumu kuliko pengine. Isinuke esansi wala mafuta. Na alama isomeke. Kama alama imefutika, au kama imekwisha kuanguka na mtu mara moja kwa nguvu, hata bei ya bure ni ghali. Mwaka wa kutengenezwa ukionekana na ukapita miaka kumi, iache.

KINGA ILIYO KWENYE MSUMARI

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe, maana yote ya juu hayana faida ikiwa kinga inabaki nyumbani. Tusikilize maneno ya watu wawili wa karakana moja, jinsi yanavyosikika kila mwaka joto likianza:

— Yaya, ile dorsali yako iko wapi? Mwezi wa saba ulikuwa unaivaa kila siku.

— Aa, mdogo wangu, iache tu. Iko kwenye msumari, nyuma ya mlango. Inaniunguza mgongo. Nikifika kazini shati lote ni maji.

— Lakini ulinunua ile kubwa ya daraja la 2, ya bei kali!

— Ndiyo. Na mke wangu ananikumbusha bei yake kila akifagia pale.

Yaya huyu hakukosa akili. Alinunua katika baridi, asubuhi za Juni na Julai zinaposhuka chini ya digrii 10, na kinga nene ilikuwa kama blanketi. Hakufikiri juu ya Septemba na Oktoba, joto linapopita digrii 30 na njia imejaa vumbi. Kwa mtu wa kila siku, daraja la 1 ambalo linavaliwa siku 300 katika mwaka linashinda daraja la 2 ambalo linavaliwa siku 60. Ukipata la 2 lenye matundu mengi ya hewa, ambalo unaweza kulivumilia, hapo umepata vyote, na kinga za leo za namna hiyo zipo. Lakini usinunue namba kwa ajili ya namba.

Kuna namna mbili za kuvaa. Kipande cha kutia ndani ya koti ni chepesi, ni cha bei ndogo, hakisahauliki kwa sababu kiko ndani ya koti siku zote. Ubaya wake: kinafaa kama koti limebana mwili. Koti likiwa kubwa, katika anguko linazunguka, na kinga inakwenda ubavuni. Na koti likiachwa nyumbani kwa shauri ya joto, kinga inabaki nalo. Namna ya pili ni kinga yenye mikanda ya mabegani na mkanda wa kiunoni, inayovaliwa kama mfuko wa mgongoni. Inakaa mahali pake, inavaliwa juu ya shati la kazi na chini ya koti lolote, hata lile jepesi, na ukifika unaivua na kuitundika ndani ya kabati yako. Kwa mfanyakazi anayetoka nyumbani kwenda kazini na kurudi, sisi tunapendelea hii ya pili. Ndugu zetu wewa, wanaokaa juu ya kiti tangu asubuhi mpaka usiku, wengi watapenda kipande chepesi ndani ya koti lenye nyavu, tusibishane nao.

Kipimo chake kinatafutwa nyumbani, na mama wa nyumba ndiye fundi wa kazi hii kwa maana wewe huwezi kujipima mgongo. Simama wima. Aweke mwanzo wa futi ya mshonaji kwenye kiuno, pale mkanda wa suruali unapopaswa kukaa, aivute juu mpaka pale bega linapokutana na shingo. Sentimita hizo uziandike kwenye karatasi na kwenda nazo sokoni, maana kinga zenye alama ya kweli zinaonyesha urefu wa mtu zinayemfaa, kwa mfano kutoka sentimita 42 mpaka 47. Kimo cha mtu peke yake kinadanganya: kuna warefu wa miguu na warefu wa mgongo.

Dukani usiivae ukasimama mbele ya kioo kama bwana arusi. Panda pikipiki yako nje, na kaske kichwani. Shika usukani. Geuza kichwa kushoto na kulia, kisha tazama juu. Kama kinga inasukuma kaske kutoka nyuma, ni ndefu mno, na katika anguko itakusukuma shingo. Inama kama unaokota ufunguo: isipande juu na kuacha kiuno wazi. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, usibane tumbo. Kiganja kipite chini yake, ngumi isipite. Kisha mwambie mwenzako aishike kwa chini na kuivuta upande. Ikisogea zaidi ya vidole viwili, kaza mikanda. Ikiendelea kusogea, si yako. Kaa hivyo robo saa kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikasirika, nenda kwa mwingine.

Neno juu ya mfuko wa mgongoni. Mtu anavaa kinga nzuri, na juu yake anabeba mfuko wenye spana, chupa ya chuma ya chai na bakuli la chakula. Akianguka chali, vyuma hivyo vinakuwa kati yake na barabara. Spana inapiga pahali padogo kama nyundo. Vyombo vigumu vifungwe nyuma ya kiti. Na juu ya yote, jile ya kung'aa ile ya kazini, hasa mwezi wa Novemba mpaka Machi, mvua inaposhuka na dereva wa kamyo haoni mita 20 mbele yake. Kuonekana ni bora kuliko kukingwa.

KUITUNZA

Usiiache juu ya kiti cha pikipiki juani. Alama T+, ikiwepo, inaonyesha kwamba imepimwa hata kwenye joto la digrii 40, lakini kiti cheusi saa saba mchana kinapita hapo mbali, na vitu laini vya kisasa vinalegea. Itundike kwenye kivuli. Ngozi ya nje ioshe kwa maji na sabuni ya kawaida, usiichemshe, usiisugue kwa esansi hata kama imepakwa grisi. Watoto wasiikalie. Na baada ya anguko la nguvu inunuliwe nyingine, hata kama kwa macho ni nzima. Kaske nayo vilevile.

ANAYEKAA NYUMA

Wengi wanampeleka mama sokoni, au mtoto shuleni, baba amevaa kila kitu na wa nyuma hana kitu. Wa nyuma hashiki usukani, haoni shimo kabla halijafika, na pikipiki ikiruka mbele ghafla ndiye anayeanguka chali. Kama nyumbani kuna kinga moja tu na mikanda yake inaweza kurekebishwa, mtu wa nyuma aivae. Mtoto haivai ya baba yake. Ile ndefu itampiga shingoni. Kwake kaske ya kipimo chake, na mwendo wa pole. Na wawili ni wawili: watatu juu ya kiti kimoja hakuna kinga inayowatosha.

AKIANGUKA MBELE YAKO

Sehemu hii ikate, uibandike ukutani, maana hapa migongo mingi inamalizwa na watu wenye huruma. Mtu ameanguka, watu wanakimbia, mmoja anashika mabega, mwingine miguu, wanamkunja kama gunia na kumkalisha kati ya wawili juu ya pikipiki ili wamkimbize lopitali. Pingili iliyokuwa imepasuka tu, sasa inakata ile kamba ya ndani.

Kwanza zuia magari: mtu mmoja asimame mbali upande wa nyuma na kupunga nguo au taa. Aliyeanguka mwambie asisogee, asijaribu kusimama, hata kama anasema hana kitu. Piga magoti nyuma ya kichwa chake, shika kichwa kwa mikono miwili pande zote, kikae sawa na mwili. Muulize kama anahisi vidole vya miguu. Kaske usiivue ikiwa anapumua vizuri. Fungua kioo chake na kulegeza mkanda kama unambana. Ikiwa hapumui, au anatapika na kukabwa, hapo inavuliwa, na watu wawili: mmoja anashika shingo na kidevu kutoka chini, mwingine anaivuta taratibu. Dorsali usiivue kabisa. Inamsaidia kubaki amenyooka. Damu inayotoka kwa nguvu ibane kwa kitambaa safi, bila kumgeuza.

Mwite mganga au gari la wagonjwa la kazi ikiwa mpo karibu na kiwanda. Ikiwa hakuna gari litakalofika na ni lazima kumhamisha, tafuteni kitu kigumu na kirefu: mlango, ubao mpana, bati nene. Muwe watu wanne au zaidi. Anayeshika kichwa ndiye anayetoa amri, na wote mnamviringisha pamoja kwa upande mmoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga kwa wakati mmoja, ubao unaingizwa chini yake, mnamrudisha juu ya ubao. Mfungeni kwa vitambaa kifuani, nyongani na mapajani, wekeni nguo zilizoviringishwa pande mbili za kichwa. Gari la wazi la nyuma ni bora kuliko kiti cha teksi, kwa maana humo analala amenyooka. Dereva aendeshe pole juu ya mashimo. Anayeshika kichwa apande naye, asikiachie mpaka mganga wa lopitali amekipokea mikononi mwake.